Kadi Shingoni: Karne Moja na Nusu ya Watoto Wanaosafiri Peke Yao

Kampuni nyingi za ndege duniani humpokea mtoto asafiri peke yake akishatimiza miaka mitano. Chini ya hapo hazimtaki, hata mzazi atoe nauli mara mbili. Kuanzia umri huo hadi miaka 11 au 14, kutegemea kampuni, mtoto hupokewa kaunta kwa ada inayoongezwa juu ya nauli, huvishwa kipochi cha hati shingoni, hupandishwa ndegeni kabla ya abiria wengine na kushushwa baada yao. Kule aendako, mfanyakazi wa kampuni hamwachii mpaka mtu aliyetajwa kwenye fomu aonyeshe kitambulisho na kutia saini. Aliyempeleka naye huambiwa asiondoke uwanjani mpaka ndege iwe imeruka. Familia zilizogawanyika kati ya Nairobi na Dubai, au kati ya Dar es Salaam na Amsterdam, zimeuzoea utaratibu huu hata hazioni ajabu yake.

Hakuna aliyekaa kitako akaubuni wote kwa siku moja. Nafasi za kujaza katika fomu ile zina visa nyuma yake, na vingine ni vya zamani kuliko ndege zenyewe. Ukivifuata utagundua kwamba watu hubishana sana kuhusu umri wa mtoto na ushujaa wake, ilhali kilichoamua hatima ya wengi ni mtu aliyekuwa akiwasubiri mwisho wa safari: ni nani, anamtaka mtoto kwa ajili gani, na kama alikuwapo kabisa.

Tuanze melini. Mwaka 1869 Maria Rye, na mara baada yake Annie Macpherson, walianza kuwakusanya watoto maskini wa miji ya Uingereza na kuwavusha Atlantiki kwenda Kanada. Mashirika mengine ya hisani yakafuata, likiwamo la Dk. Barnardo, na hadi mpango huo ulipokoma walikuwa wamevuka watoto zaidi ya 100,000 bila baba wala mama. Walipokewa, ndiyo, lakini waliowapokea wengi wao walikuwa wakulima waliohitaji mikono ya kazi. Si wachache walioambiwa kuwa ni yatima wakati wazazi wao walikuwa hai. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkondo ulielekea Australia, na kijito chake kimoja kikafika Afrika: chuo cha Fairbridge karibu na Bulawayo, kilichopokea watoto wasiofika 300 kati ya mwaka 1946 na 1962 kwa lengo la kuongeza Wazungu katika Rhodesia Kusini. Serikali ya Australia iliomba radhi Novemba 2009, ya Uingereza Februari 2010. Wengi wa waliostahili kuombwa radhi hiyo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Marekani ilifanya hivyo hivyo kwa garimoshi. Mchungaji Charles Loring Brace na shirika lake la Children's Aid Society walipeleka kundi la kwanza la watoto kutoka New York hadi Dowagiac, Michigan, mwaka 1854. Hadi mwaka 1929 watoto wapatao 200,000 walikuwa wamesafirishwa kuelekea magharibi. Walipofika mjini walisimamishwa mbele ya watu, kanisani au ukumbini, wenyeji wakawatazama na kuchagua. Aliyebaki alirudishwa garini, akajaribiwe kituo kinachofuata.

Weka kando ya hao safari ya Annie Moore, msichana wa Ireland, ambaye tarehe 1 Januari 1892 alikuwa mhamiaji wa kwanza kupita katika kituo kipya cha Ellis Island. Alikuwa na umri wa miaka 17, akiwaongoza wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip, baada ya siku nyingi baharini kutoka Queenstown ndani ya meli Nevada. Alipewa sarafu ya dhahabu ya dola 10 kwa kuwa wa kwanza. Zaidi ya sarafu hiyo, alikuwa na baba na mama mjini New York, waliotangulia kwenda kutafuta maisha. Watoto watatu walivuka bahari ileile waliyoivuka wale wa Barnardo, lakini wao walikuwa wakienda kwa wazazi.

Kisa cha kuchekesha kuliko vyote katika historia hii ni cha posta. Tarehe 1 Januari 1913 Idara ya Posta ya Marekani ilianza kusafirisha vifurushi vikubwa kwa bei nafuu, na kanuni zake hazikuwa zimetaja binadamu. Mwezi huohuo, katika jimbo la Ohio, wazazi wawili walimtuma mtoto wao mchanga kwa bibi yake aliyeishi kama maili moja kutoka kwao. Kikomo cha uzito wakati huo kilikuwa ratili 11, na kitoto kilikuwa chini ya hapo kwa robo ratili tu. Stempu ziligharimu senti 15, na wazazi, wakiwa watu makini, wakakikatia bima ya dola 50.

Mwaka uliofuata kikomo kilipanda hadi ratili 50, na tarehe 19 Februari 1914 ikawa zamu ya May Pierstorff wa Grangeville, Idaho. Alikuwa hajafika miaka sita, uzito wake ratili 48 na nusu. Stempu za senti 53 zilibandikwa kwenye koti lake, akapanda behewa la barua hadi kwa bibi yake mjini Lewiston, mwendo wa zaidi ya maili 70. Bei ilikuwa chini ya nauli ya garimoshi. Magazeti yaliposhika habari hiyo, Mkuu wa Posta akapiga marufuku kutuma watu, ingawa makarani wa vijijini hawakuacha mara moja.

Simulizi hii hurudiwa kama kituko cha wazazi wasio na akili. Mimi naona waliipanga safari vizuri kuliko wengi wa siku zetu. Karani aliyekuwa katika behewa lile la barua alikuwa jamaa yao, na bibi alijulikana kwa jina na nyumba. Kile kitoto cha Ohio nacho kilibebwa na tarishi wa eneo lao, mtu waliyemwona kila siku. Hata kwetu ndivyo ilivyokuwa, na bado ndivyo ilivyo kwenye mabasi ya mikoani: mtoto anayekwenda shule ya bweni hukabidhiwa kondakta, namba ya simu ya shangazi huandikwa kwenye karatasi na kutiwa mfukoni, kisha mzazi humgeukia mama aliyekaa kiti cha jirani: "Mama, nisaidie kumwangalia huyu mpaka Moshi." Hakuna fomu. Kuna watu wanaoonana tena wiki ijayo, na aibu itakayompata kondakta akimpoteza mtoto wa mtu.

Aibu ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kabisa Ulaya ilipofika mwaka 1938. Baada ya ghasia za Novemba dhidi ya Wayahudi nchini Ujerumani na Austria, Uingereza ilikubali kuwapokea watoto wenye umri chini ya miaka 17, bila wazazi wao. Kundi la kwanza lilitua bandari ya Harwich tarehe 2 Desemba 1938. Kufikia Septemba 1939 vita vilipofunga njia, walikuwa wamevuka watoto wapatao 10,000, wakiwamo 669 kutoka Prague ambao safari yao iliratibiwa na dalali wa soko la hisa aliyeitwa Nicholas Winton. Kila mtoto alivaa kadi yenye namba shingoni, akabeba sanduku dogo, na aliruhusiwa kutoka na mark 10 tu. Serikali ya Uingereza ilidai dhamana ya pauni 50 kwa kila mtoto, ili pasikosekane pesa za kumrudisha kwao baadaye. Wengi wao hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa sababu wazazi waliowapungia mkono stesheni waliuawa.

Kisha Uingereza yenyewe ikaanza kuwahamisha watoto wake. Katika siku tatu kuanzia tarehe 1 Septemba 1939 walihamishwa watu wapatao milioni 1.5 kutoka mijini kwenda mashambani, wengi wao watoto wa shule waliosafiri na walimu, kila mmoja na lebo kifuani na kinyago cha gesi kwenye boksi la karatasi ngumu. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwapeleka wengine ng'ambo. Tarehe 17 Septemba 1940 meli ya City of Benares ilipigwa kombora na manowari ya Kijerumani ikielekea Kanada. Ilikuwa na watoto 90 wa mpango huo, na 77 kati yao wakafa. Hapo kweli kilichoua ni safari yenyewe, na mpango ukafutwa.

Ndege iliingia katika historia hii kwa upole zaidi. Mei 1930 Ellen Church, muuguzi aliyesajiliwa, aliajiriwa na Boeing Air Transport kuwa mhudumu wa kwanza wa kike wa ndege, akiruka kutoka Oakland hadi Chicago. Kampuni ilitaka wauguzi kwa sababu abiria walitapika na kuogopa. Haikupita muda mzazi akagundua kwamba ndani ya ndege yumo muuguzi ambaye kazi yake ni kuwatunza watu waliofungwa mikanda.

Waliofaidika kwanza kwa wingi ni watoto wa dola ya Uingereza. Katika enzi ya meli, mtoto wa ofisa wa India aliyepelekwa shule Uingereza aliweza kukaa miaka bila kuwaona wazazi wake. Mwandishi Rudyard Kipling aliachwa kwa walezi mjini Southsea mwaka 1871, akiwa na miaka mitano, na machungu ya nyumba ile aliyaandika maisha yake yote. Ndege ilibadili hesabu. East African Airways, iliyoundwa mwaka 1946, ilipata ndege za Comet mwaka 1960, na watoto wa maofisa na walowezi wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakawa wanakwenda na kurudi London kwa likizo kama watu wanaopanda daladala. Mwaka 1957 BOAC ilianzisha Junior Jet Club: mtoto alipewa beji na daftari, rubani akamjazia maili alizosafiri na kutia saini. Waliokuwa wanachama bado wanazo daftari hizo, na wengi huzisimulia kwa furaha kuliko wanavyosimulia shule walizokuwa wakipelekwa.

Tarehe 9 Septemba 1970 ndege ya BOAC aina ya VC10, iliyokuwa ikitoka Bombay kwenda London, ilitekwa na wapiganaji wa Kipalestina baada ya kuruka kutoka Bahrain. Likizo ndefu ilikuwa inakwisha, na ndani mlikuwa na watoto wa shule waliokuwa wakirudi bweni peke yao. Ndege ilitelemshwa jangwani Jordan, kando ya nyingine mbili zilizokwisha kutekwa, na watoto wakalala humo joto la mchana na baridi ya usiku, wahudumu wakiwagawia maji na chakula kidogo kilichokuwapo. Abiria waliondolewa, na tarehe 12 ndege zote tatu zikalipuliwa zikiwa tupu. Kwa siku zile hakukuwa na saini ya mpokeaji iliyoweza kusaidia chochote, na malezi yote yalibaki kwa mhudumu aliyekuwa zamu.

Mojawapo ya safari kubwa kabisa za watoto peke yao kwa ndege ilikuwa imekwisha kutokea, kutoka Kuba. Kati ya Desemba 1960 na Oktoba 1962 watoto zaidi ya 14,000 walirushwa kutoka Havana hadi Miami. Wazazi waliosikia uvumi kwamba serikali ya Fidel Castro itawanyang'anya haki ya malezi walipata kwa siri barua za kuondoa sharti la viza, zilizosambazwa chini ya usimamizi wa Padri Bryan Walsh wa Miami. Uwanjani Havana mtoto aliingizwa katika chumba cha vioo ambacho Wakuba walikiita tangi la samaki. Wazazi wakabaki nje wakitazama midomo ikicheza bila sauti. Waliokuwa na jamaa Miami walipokewa na jamaa. Wengine walipelekwa kambini, katika nyumba za yatima na kwa familia za kulea katika majimbo mengi ya Marekani, baadhi wakiwa hawajui neno la Kiingereza. Wazazi walidhani ni suala la miezi. Mgogoro wa makombora wa Oktoba 1962 ukakata safari za ndege, na wengi walisubiri mpaka Desemba 1965, zilipoanza safari mpya ambazo wazazi wa watoto hao walipewa nafasi ya kwanza. Mtoto aliyeondoka ana miaka saba akampokea mama yake akiwa na kumi na moja au kumi na mbili, na baadhi walihitaji kuzoeana upya hata kwa lugha.

Afrika nayo ina sura zake. Wakati wa vita vya Biafra nchini Nigeria maelfu ya watoto waliodhoofika kwa njaa walirushwa usiku kwenda Gabon, Ivory Coast na São Tomé, na kurudishwa kwao kulianza mwishoni mwa 1970. Desemba 1979 watoto wapatao 80 wa wakimbizi wa Namibia walitolewa kambini Angola na kupelekwa Ujerumani Mashariki, katika jumba la Bellin, wakalelewe kuwa viongozi wa taifa lijalo. Baadaye walifika kama 430. Ukuta wa Berlin ukaanguka, Namibia ikapata uhuru Machi 1990, na Agosti mwaka huo wakarudishwa Windhoek kwa haraka, wakizungumza Kijerumani na wengi wakiwa hawawajui waliokuja kuwachukua. Wakubwa walikuwa wamekubaliana; bibi wa Ovamboland, kaskazini mwa Namibia, hakuulizwa.

Kutoka Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, vijana wapatao 3,800 wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia na kurudi walisafirishwa kwenda Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000. Wenye umri chini ya miaka 18 walipangiwa familia za kulea. Abiria wa kawaida wa uwanja wa Nairobi waliwatambua kwa mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, wenye hati zote za mtu, uliobebwa kama amana.

Wapo pia waliosafiri bila kadi wala mfuko. Tarehe 2 Agosti 1999, Brussels, miili ya Yaguine Koita na Fodé Tounkara, wavulana wa Guinea wenye miaka 14 na 15, ilikutwa katika nafasi ya magurudumu ya ndege ya Sabena iliyotoka Conakry. Walikuwa na barua kwa viongozi wa Ulaya wakiomba msaada kwa watoto wa Afrika.

Miaka mitatu baadaye, uwanja huohuo wa Brussels ulishuhudia kisa ambacho kwangu ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu hakikuwa na vita wala wizi, kilikuwa na ofisi tu. Agosti 2002 msichana wa Kongo wa miaka mitano alifika na mjomba wake, akiwa njiani kwenda kwa mama yake Kanada, ambako mama alikuwa amepewa hadhi ya ukimbizi. Hakuwa na hati zilizotakiwa. Ubelgiji ilimfungia karibu miezi miwili katika kituo cha watu wazima karibu na uwanja. Tarehe 16 Oktoba mahakama iliamuru aachiwe. Tarehe 17 akapandishwa ndege kurudi Kinshasa. Kampuni ya ndege ilimpangia mhudumu wa kumwangalia, kama inavyofanywa kwa mtoto yeyote asafiriye peke yake. Ndege ilitua salama na hakuna ndugu aliyekuwa akimsubiri; akakaa uwanjani mpaka ofisa wa serikali ya Kongo alipokuja kumchukua. Mama yake alipata habari alipopiga simu kituoni kumuulizia. Baada ya mawaziri wakuu wa Ubelgiji na Kanada kuingilia kati, mtoto alifika kwa mama mwisho wa mwezi huo. Tarehe 12 Oktoba 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Ubelgiji ilimtendea unyama na kuvunja haki ya maisha ya familia, ikaamuru walipwe euro 35,000, 25,000 za mtoto na 10,000 za mama.

Makosa ya kampuni za biashara, ukiyalinganisha na hayo, ni madogo, lakini yanafundisha jinsi mnyororo unavyokatika. Juni 2009, ndani ya siku mbili, Continental iliwafikisha wasichana wawili, wa miaka minane na kumi, katika miji isiyo yao; mmoja aliyekuwa akienda Cleveland akashushwa Newark. Kampuni ilieleza kuwa wafanyakazi hawakuelewana wakati ndege mbili zikipakia abiria kupitia mlango mmoja. Desemba 2023 Spirit ilimpakia mvulana wa miaka sita wa Philadelphia katika ndege ya Orlando. Bibi yake alikuwa Fort Myers, na huko lilifika sanduku.

Hofu nyingine ilihusu nani akae karibu na mtoto. Kampuni kadhaa, zikiwamo British Airways, Qantas na Air New Zealand, zilikataza wanaume kuketi jirani na watoto wasio na wenzao. Mwaka 2010 British Airways ilikiri mahakamani kuwa imembagua abiria mmoja kwa jinsia. Mwaka 2012 Virgin Australia iliahidi kubadili kanuni baada ya zimamoto mmoja kulalamika. Kanuni ile ilimfanya kila baba kuwa mshukiwa na haikumwongezea mtoto jicho hata moja la kumtazama. Mwaka 2016 British Airways iliacha kabisa huduma ya kusindikiza watoto. Leo anayetaka kuruka nayo peke yake sharti awe na miaka 14. Ryanair haimchukui aliye chini ya 16 bila msindikizaji. Biashara imepiga hesabu ikaona ada haitoshi kwa dhima.

Serikali nazo zimeongeza karatasi kwa kuogopa utekaji na usafirishaji haramu. Afrika Kusini ilianza Juni 2015 kudai cheti kamili cha kuzaliwa na viapo vya ridhaa vya wazazi, watalii wakapiga kelele, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa. Mimi sioni ubaya wa cheti. Wasiwasi wangu ni kwamba karatasi nyingi za serikali huthibitisha nani anamtuma mtoto, na mara chache humwuliza mtu kuhusu anayempokea.

Kwa hiyo, mzazi unayemtafutia mtoto tiketi likizo hii, chagua ndege isiyobadilishwa njiani, iondokayo asubuhi, ili ikichelewa siku iwe bado ndefu. Uliza kampuni, na upate jibu kwa maandishi, nani atakaa na mtoto ndege ikilazimika kulala mji mwingine. Mfundishe mtoto jina lako kamili, kwa maana "mama" halitoshi kwa askari wa uwanja. Na kwenye nafasi ya mpokeaji omba kuandika majina mawili, wote wenye vitambulisho halali, wote wawe uwanjani kabla ndege haijatua.